Vumbi la New York na tumbo la mama: tujue nini juu ya kansa ya ovari



Kila mwaka, mwezi wa Septemba, watu wa New York hukumbuka tarehe 11 Septemba 2001, siku ndege mbili zilipogonga minara miwili mirefu ya World Trade Center na minara ile ikaanguka. Mwezi huohuo, huko Marekani, ni mwezi wa kufundisha watu juu ya kansa ya ovari. Kwa wanawake fulani mambo hayo mawili hayako mbalimbali. Walivuta vumbi la minara ile wakiwa kazini, nyumbani au shuleni, na miaka mingi baadaye daktari akawaambia kwamba wana kansa katika ovari.

Kwa nini tuwazungumzie huku kwetu Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika? Ni kwa sababu ugonjwa huu uko kwetu pia, na wamama wengi wanafika nao hospitalini wakati umekwisha kuenea. Tena, mambo yaliyowapata wale wa New York yanatuonyesha kazi ambayo kanisa linaweza kuifanya hata pasipo mashine wala pesa nyingi: kumsadiki mama anaposema mwili wake umebadilika, na kuandika kwa karatasi mahali alipokuwa na jambo lililompata. Tutaanza na ugonjwa wenyewe, kisha twende New York, halafu turudi nyumbani.

Ovari ni nini?

Ovari ni viungo viwili vidogo ndani ya tumbo la chini la mwanamke, kimoja kuume na kimoja kushoto mwa mji wa mimba. Ukubwa wa kila kimoja hauzidi sana sehemu ya juu ya kidole gumba. Hapo ndipo mayai ya uzazi yanapokaa, na hapo ndipo mwili unapotengeneza sehemu kubwa ya homoni za kike.

Kansa ni hali ambapo chembe za mwili zinaacha utaratibu wake, zinazaana ovyo na kuvamia sehemu nyingine. Tunaita kansa ya ovari, lakini utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyingi kati yake zinaanza kwenye ncha ya mrija unaopokea yai, karibu kabisa na ovari. Kutoka hapo chembe zinasambaa kirahisi katika tumbo lote, kwa sababu ndani ya tumbo hakuna ukuta wa kuzizuia. Zinashika juu ya utumbo na juu ya ngozi laini inayofunika viungo vya tumbo, na mara nyingi zinaleta maji. Ndiyo maana mama anaonekana kama mwenye mimba kumbe hana.

Katika mwaka 2022, dunia nzima, wanawake zaidi ya 300,000 walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 200,000 walikufa kwa ajili yake. Si kansa iliyo ya kwanza kwa wingi. Huku Afrika kansa ya matiti na ile ya shingo ya mji wa mimba zinawapata wanawake wengi zaidi. Lakini kati ya kansa za uzazi hii ni moja ya zile zinazoua sana, kwa sababu inajificha. Huko Marekani, ambako hospitali ni nyingi, mama aliyegunduliwa kansa ikiwa bado ndani ya ovari tu ana nafasi ya zaidi ya 90 kwa 100 ya kuwa hai baada ya miaka 5. Aliyegunduliwa ikiwa imekwenda mbali ana nafasi ya karibu 30 kwa 100. Na wengi wanagunduliwa ikiwa imekwenda mbali.

Mara nyingi inawapata wanawake waliovuka miaka 50, baada ya kukoma hedhi. Lakini wasichana pia wanaweza kupata uvimbe wa ovari wa namna nyingine, na huo mara nyingi unapona vizuri ukitibiwa. Kama mama, dada au shangazi wa baba mmoja walikuwa na kansa ya ovari au ya matiti, hatari inaongezeka, kwa sababu kuna urithi unaopita katika damu ya familia. Kuzaa na kunyonyesha kunapunguza hatari kidogo, lakini hakumkingi mama kabisa. Mama wa watoto 8 anaweza kuugua vilevile.

Dalili ambazo hazipigi kelele

Watu wengi husema kansa hii haina dalili. Si kweli. Dalili zipo, lakini zinafanana na mambo ya kila siku. Ni hizi nne:

Tumbo kuvimba au kujaa, na kutokupungua hata asubuhi.

Maumivu katika tumbo au sehemu ya chini, kiunoni.

Kushiba haraka; mama anakula matonge mawili ya bugali na kusema ameshiba.

Kwenda kukojoa mara kwa mara au ghafula, bila ugonjwa wa mkojo.

Mama yeyote anaweza kuona moja ya hizo siku moja au mbili, na si kitu. Lakini kama ni jambo jipya kwake, linarudi karibu kila siku, na limepita wiki mbili au tatu, aende kituo cha afya. Na kama ni mama aliyekwisha kukoma hedhi, kisha anaona damu tena, asingoje hata wiki moja.

Huku kwetu dalili hizo zina majina mengine. Watasema ni minyoo, ni amibe, ni gesi, ni uzee. Atapewa dawa ya minyoo leo, mwezi ujao atapewa nyingine. Tumbo likizidi kuvimba, jirani atasema ni karuho, kwamba mtu amemtilia sumu katika chakula au kinywaji. Hapo familia inaanza kumtafuta adui, na mama anapelekwa kwa watu wanaotapisha na kunywesha majani. Miezi inapita. Pesa zinaisha. Urafiki kati ya nyumba na nyumba unavunjika. Na uvimbe unaendelea kukua.

Hatusemi kwamba kila tumbo lililovimba ni kansa. Ini, moyo, kifua kikuu cha tumbo na mengine yanaweza kuleta maji. Tunasema hivi: tumbo linalovimba linahitaji ekografi kabla ya kutafuta mwenye kulaumiwa.

Jambo lingine wamama wengi hawalijui. Kile kipimo cha shingo ya mji wa mimba, ambacho muuguzi anapaka siki na kuangalia, hakionyeshi kansa ya ovari. Ni kipimo kizuri sana, kila mama akifanye, lakini ni kwa ugonjwa mwingine. Kwa ovari bado hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili. Huko Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, wengine wakipimwa damu na ekografi kila mwaka. Mwaka 2021 walitangaza kwamba kupima hivyo hakukupunguza vifo. Kwa hiyo kilichobaki ni masikio: mama ausikilize mwili wake, na sisi tumsikilize mama.

Vumbi la minara

Sasa twende New York. Minara ilipoanguka, wingu kubwa la vumbi lilifunika sehemu ya kusini ya mji. Ndani yake mlikuwa na saruji iliyosagwa, vioo, risasi, moshi wenye sumu za namna nyingi, na asbesto. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, lisiloungua, nalo lilitumika zamani kukinga majengo na moto. Katika mnara mmoja ilikuwa imepakwa kwenye vyuma vya orofa za chini. Moto chini ya kifusi uliendelea kuwaka mpaka mwezi wa Desemba.

Inakadiriwa kwamba watu karibu 400,000 walivuta vumbi hilo au moshi huo. Tunapokumbuka siku ile tunafikiri wazimamoto na polisi, na ni haki tuwakumbuke. Lakini walikuwapo pia wauguzi, waalimu, wanafunzi, makarani, wamama waliokuwa na watoto wadogo katika nyumba za karibu, na wanawake waliolipwa kufagia ofisi na vyumba vilivyojaa vumbi. Wengine walifanya kazi hiyo bila kitu chochote puani.

Tarehe 18 Septemba 2001, siku 7 tu baadaye, mkuu wa shirika la serikali linaloshughulikia mazingira alitangaza kwamba hewa ilikuwa salama kuvutwa. Watu wakarudi nyumbani na kazini. Mwaka 2003 mkaguzi wa shirika hilohilo aliandika kwamba wakati wa tangazo lile hapakuwa na vipimo vya kutosha vya kusema hivyo.

Vumbi linafikaje kwenye ovari?

Mtu atauliza: vumbi linaingia kwa pua na kwenda mapafuni, linafikaje kwenye ovari?

Jibu lilianza kujulikana kwa sababu ya wanawake wengine, wa wakati mwingine. Katika vita vya 1939 mpaka 1945, huko Uingereza, wanawake wengi waliajiriwa kutengeneza vinyago vya kuwakinga askari na gesi ya sumu. Vichujio vya vinyago hivyo vilikuwa na asbesto ya rangi ya buluu. Wanawake wale walikuwa wakifanya kazi ya kuokoa maisha ya wengine. Miaka mingi baadaye, watafiti walipofuata majina yao katika vitabu vya viwanda, waliona kwamba waliokufa kwa kansa ya ovari walikuwa wengi kupita kawaida. Hali kama hiyo ilionekana kwa wanawake wa viwanda vya asbesto katika nchi nyingine.

Nyuzi za asbesto ni ndogo sana. Kutoka mapafuni zinaweza kupita pamoja na maji ya mwili na kufika tumboni. Watafiti wamezikuta ndani ya ovari zenyewe, hata za wanawake ambao hawakufanya kazi kiwandani kamwe, ila waume zao walirudi nyumbani jioni na vumbi katika nguo, na wake zao wakazifua. Nyuzi zikishakaa mwilini haziozi. Zinauchokoza mwili polepole kwa miaka 20, 30 au zaidi.

Mwaka 2009, wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, walikubaliana kwamba ushahidi unatosha: asbesto inasababisha kansa ya ovari, pamoja na ile ya mapafu, ya koo la sauti, na ile ya ngozi inayozunguka mapafu na tumbo.

Angalieni jambo moja hapa. Wanawake wale wa vinyago walijulikana kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa. Pasipo kitabu cha kiwanda, wangekuwa wamama wachache waliovimba tumbo, kila mmoja katika kijiji chake, na hakuna ambaye angewaunganisha.

Wanawake walihesabiwa lini?

Huko New York watu walianza kuugua, na kwa miaka mingi walipigana ili serikali ikubali kuwatibu. Mwanzoni mwa Januari 2011 sheria ilitiwa sahihi, yenye jina la James Zadroga, polisi aliyefanya kazi katika kifusi na kufa mwaka 2006. Sheria hiyo iliweka mpango wa afya wa kuwapima na kuwatibu bila malipo waliofanya kazi pale na walioishi au kusoma karibu. Leo umeandikisha zaidi ya watu 120,000, nao umewekwa uendelee mpaka mwaka 2090, ili hata aliyekuwa mtoto mchanga siku ile apate matunzo katika uzee wake.

Mwanzoni kansa haikuwamo katika orodha ya magonjwa yanayotibiwa. Iliingizwa mwaka 2012, aina nyingi kwa mara moja, na kansa ya ovari ikiwamo, kwa sababu asbesto ilikuwa katika vumbi na madhara yake kwa ovari yalikuwa yamekwisha kujulikana.

Lakini kansa ya mji wa mimba iliachwa nje. Karibu kila namna nyingine ya kansa ilikuwa imekubaliwa, ila hiyo bado. Sababu moja kubwa ilikuwa hii: makundi yaliyofuatiliwa na watafiti yalikuwa hasa ya wazimamoto na wafanyakazi wa kifusi, na wengi wao walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa wachache katika hesabu, basi magonjwa yao hayakuonekana vizuri katika hesabu. Wagonjwa, madaktari na wanasheria waliendelea kudai. Kansa hiyo iliingizwa tarehe 18 Januari 2023, miaka zaidi ya 10 baada ya zile nyingine, na zaidi ya miaka 21 baada ya minara kuanguka. Kwa miaka hiyo yote, mpango ule haukumlipia mama aliyekuwa nayo, huku jirani yake aliyevuta vumbi lilelile akitibiwa bure.

Hakuna daktari anayeweza kutazama uvimbe na kusema: huu umeletwa na vumbi, na huu umekuja wenyewe. Mpango ule haumtwishi mama mzigo wa kuthibitisha jambo hilo peke yake. Unauliza: Je, ulikuwapo mahali pale? Kwa siku ngapi? Ugonjwa ulitokea baada ya muda unaofaa, yaani angalau miaka 4 kwa uvimbe wa kansa kama huu? Na ili kuonyesha kwamba alikuwapo, mama anatafuta barua ya kazi, karatasi ya nyumba aliyokodi, cheti cha shule, au ushuhuda wa maandishi wa mtu aliyekuwa pamoja naye. Kwa wanawake waliofagia kwa malipo ya siku, pasipo karatasi yoyote, ushuhuda huo wa jirani au mwenzake wa kazi unaweza kuwa mlango wa pekee.

Na huku kwetu?

Kwetu minara haikuanguka, lakini misiba tunaijua. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Vita vimebomoa nyumba, shule na vituo vya afya. Kuna mahali ambapo udongo na maji vimechafuliwa na kazi ya madini. Na baada ya kila msiba, ni nani anayerudi kwanza kufagia, kuokota mabati na kufua nguo? Ni mama.

Tusiongeze hofu pasipo sababu. Si kila sumu inaleta kila ugonjwa. Zebaki, ile inayotumiwa na wachimbaji kukamata dhahabu, inaharibu ubongo, mishipa ya fahamu, figo, na mtoto aliye tumboni. Hiyo yatosha kuiogopa, lakini si sababu inayojulikana ya kansa ya ovari. Na wamama wengi wanaougua kansa hii, huku na duniani kote, hawakupita mahali pa sumu yoyote. Mama asijilaumu, wala asiseme ni kwa sababu alilima mahali fulani.

Kuhusu asbesto lakini, tuwe macho. Mahali pengi Afrika, majengo ya wakati wa ukoloni yaliezekwa kwa mabati ya saruji yenye rangi ya kijivu na mawimbi, yale watu wanayoita eterniti. Mengi ya zamani yana asbesto ndani yake. Paa ambalo ni zima na halikuguswa halina hatari kubwa. Hatari inakuja likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likisuguliwa, au likiangushwa na bomu au moto. Kama shule, hospitali au nyumba ya mchungaji ina paa la namna hiyo, fuateni mambo haya:

Msilikate wala msilitoboe kwa kulitengeneza.

Vipande vilivyovunjika vilowesheni maji kwanza, vikusanywe bila kufagia kavu, vifungwe katika plastiki na kuzikwa mbali na kisima na shamba.

Msiwape watoto kazi hiyo, wala msitumie vipande kwa kutengeneza jiko, njia au sehemu ya kuanikia muhogo.

Nguo za aliyefanya kazi hiyo zisipelekwe nyumbani kukung'utwa. Azivue palepale, zilowe, zifuliwe peke yake.

Mama akiambiwa ana uvimbe

Baada ya ekografi, daktari anaweza kuomba kipimo cha damu kinachoitwa CA-125, kisha operesheni. Matibabu makubwa ya kansa ya ovari ni mawili: operesheni ya kutoa uvimbe wote unaoonekana, na dawa za kansa zinazoingizwa katika mshipa kwa awamu. Operesheni ifanywe na mtu anayeijua kazi hiyo, kwa maana operesheni ya kwanza ndiyo inayoamua mengi. Msikubali kila mwenye kisu afungue tumbo la mama.

Katika mashariki ya nchi yetu tuna hospitali za jumuiya zetu za Kiprotestanti zenye madaktari wa wanawake. Panzi huko Bukavu, hospitali ya jumuiya ya CEPAC, inajulikana dunia nzima kwa kazi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018. Kwa dawa za kansa, baadhi ya wagonjwa wetu huvuka mpaka: wengine wanakwenda Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012, na wengine Kampala, kwenye taasisi ya kansa ya Uganda iliyo Mulago. Safari hizo ni ngumu, na mpaka unaweza kufungwa. Kwa hiyo muulizeni kwanza daktari wa zoni yenu ya afya, apate kuwaelekeza na kuwaandikia karatasi.

Na kama ugonjwa umekwenda mbali? Bado kuna kazi ya kufanya. Maji ya tumbo yanaweza kutolewa kwa sindano, naye mama akapumua na kulala. Maumivu yanaweza kutulizwa kwa dawa, hata ile ya morfini ya kunywa. Kusema hakuna la kufanya ni kumwacha mtu kabla ya saa yake.

Kanisa lifanye nini?

Tunalikumbuka lile simulizi la Injili ya Marko, sura ya 5, la mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Yesu alikuwa na haraka, alikuwa akienda kwa mtoto wa mkubwa. Hata hivyo alisimama katikati ya msongamano, akamtafuta, na mama yule akamweleza habari yake yote. Tunahubiri sana juu ya kuponywa kwake. Tuhubiri pia juu ya kule kusimama na kumsikiliza.

Kwa paruasi zetu tunapendekeza mambo ambayo yanaweza kuanza mwezi huu.

Idara ya wamama ichukue jumamosi moja, imwalike muuguzi wa kituo cha afya, azifundishe zile dalili nne. Wababa nao waalikwe. Katika nyumba nyingi pesa ya ekografi iko mikononi mwa baba, na baba asiyejua dalili atasema: ngoja mwezi ujao.

Wachungaji na mashemasi wasimwambie mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani. Tuombe pamoja naye asubuhi, na tumpeleke hospitalini mchana. Wala tusimuulize ni dhambi gani aliyoitenda, au ni nani aliyemtilia karuho. Maneno hayo yanamfunga mama kinywa, naye akinyamaza tunapoteza miezi.

Kama kuna mituelle ya afya, wamama wajane wasiachwe nje. Kama haipo, kikundi cha akiba cha wamama kinaweza kuweka kisanduku kidogo kwa ajili ya ekografi na njia. Apatikane mtu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa, kwa sababu mama anayekwenda peke yake anasahau nusu ya maneno ya daktari, na mara nyingi harudi kwa awamu ya pili. Na aliyetolewa ovari, asiyeweza kuzaa tena, tumlinde na maneno ya ukweni na ya mtaani. Yeye ni mama mzima mbele za Mungu.

Mwisho, tuandike. Makanisa yetu yana desturi nzuri ya vitabu: vya ubatizo, vya ndoa, vya wageni. Msiba ukitokea, uwe moto, mlipuko, bomu au maji yaliyoingia sumu, katibu wa paruasi afungue daftari. Aandike tarehe, mahali, majina ya waliokuwapo, wanawake na watoto bila kuwasahau, kazi waliyoifanya pale, na siku walizokaa. Kila mmoja aulizwe kwanza kama anakubali jina lake liandikwe. Daftari lifungiwe mahali salama, na nakala moja ikae ofisi ya jumuiya, kwa maana vita vinachoma karatasi. Lisionyeshwe kwa kila mtu, kwa kuwa ugonjwa wa mtu ni siri yake, na katika nchi ya vita orodha ya majina inaweza kuwadhuru watu ikiangukia mikono mibaya.

Huenda daftari hilo halitafunguliwa kwa miaka 20. Lakini siku mama mmoja atakapohitaji kuonyesha kwamba alikuwapo, au muganga atakapouliza kwa nini wanawake wa kartie moja wanaugua namna moja, kutakuwa na jina lake, lililoandikwa na ndugu zake wa kanisa. Wanawake wa vinyago waliandikwa na viwanda. Wale wa New York walijitafutia wenyewe karatasi na mashahidi. Wetu waandikwe na sisi.

Mungu awape nguvu wamama wote wanaoumwa, na awape hekima wanaowatunza. Amina.